Gari lilimeremeta kwenye picha, likafika Tabora limepauka kama kanga ya jikoni

Wadau, kuna jamaa mmoja pale Tabora mjini ana kibanda cha miamala ya simu, anauza na chaja na makava, si mbali na stendi. Miaka minne alijibana. Hakula bata, hakubadilisha simu, nyama aliionja sikukuu kwa sikukuu. Mwaka wa tano akavuta gari: IST nyekundu, namba D, milioni nane na nusu.

Gari aliliona Instagram kwa dalali wa Dar. Picha zilikuwa sita, na kwenye zote gari lilikuwa jekundu kama nyanya iliyooshwa. Rafiki yake wa Dar alikwenda kulikagua saa moja usiku, baada ya kutoka kazini. Injini safi, gia zinaingia, kadi ipo. Hela ikalipwa, dereva akapatikana, gari likashika njia ya Dodoma, Manyoni, Itigi mpaka Tabora, zaidi ya kilomita 800.

Kabla halijafika, jamaa alikuwa ameshatupia picha zote sita kwenye stetasi. Mchumba wake yuko Ujiji, Kigoma, na ni binti wa ukoo mkubwa. Picha zikapita kwa mama mdogo, kwa mashangazi, zikafika kwa wajomba. Maneno yakarudi Tabora kwamba mkwe mtarajiwa si mtu wa mchezo.

Gari lilifika saa saba mchana, vumbi tupu. Jamaa akalipeleka moja kwa moja kuoshwa, na washkaji wanne nyuma yake wakitaka kushuhudia. Maji yalipopita juu ya boneti, mambo yakawa kama kwenye picha, jekundu la kuumiza macho. Washkaji wakapiga makofi. Halafu jua la Tabora likafanya kazi yake. Kadiri maji yalivyokauka, boneti ikawa ya waridi iliyochoka. Paa likatoka mabaka meupe kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Kwenye kona ya buti kitu kama ngozi ya kitunguu kilikuwa kinabanduka. Mshkaji mmoja akasema taratibu, "Mwagieni tena maji, labda itarudi." Hakuna aliyecheka.

Alipompigia dalali, akajibiwa kistaarabu kabisa: "Kaka, picha ni za gari lenyewe. Nimedanganya wapi?" Na kweli hakuna picha iliyokuwa ya uongo. Zote zilipigwa gari likiwa limelowa.

Jamaa akaanza maisha ya kujificha. Mchana gari liko chini ya mwembe nyuma ya kibanda, usiku ndiyo linatoka. Tabora kivuli hakina shida, maana miembe imejaa, mingine ni mikubwa na ya zamani, kumbukumbu ya njia ya misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Lakini mwembe nao una mambo yake. Utomvu wake ni mkali, unaunguza hata mdomo wa mtu anayekula embe bila kulikata vizuri kikonyo. Ukidondoka kwenye rangi na kukaukia hapo, unaacha alama. Ndege nao wana lao, na msimu wa maembe popo wanakuja usiku. Baada ya miezi miwili mabaka ya jua yakapata wenzao.

Kumfuta vumbi gari nako kulikuwa kunalimaliza. Kila asubuhi alipitisha kitambaa kikavu, akidhani anatunza, kumbe vumbi la Tabora ni mchanga mwembamba, na kila anavyosugua anapiga msasa. Jumapili aliliosha kwa sabuni ya unga, ile ile ya kufulia.

Mchumba mara mbili alitaka kuja Tabora kutembea. Mara ya kwanza jamaa alisema gari liko gereji. Mara ya pili alisema amemwazima bosi fulani kwa ajili ya msiba. Halafu ukaja ujumbe wa kweli kutoka Ujiji: wazee wako tayari, aje kupeleka posa, wiki tatu zijazo. Na aje na lile gari, watoto wanalisubiri.

Jamaa alikuwa na milioni moja na laki nane kwa ajili ya posa na mahari. Gereji moja mjini ikamwambia kupiga rangi gari zima ni milioni moja na laki nne. Usiku huo hakulala. Alipiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu kama vile kikokotoo kingemwonea huruma. Gari jekundu bila mahari, au mahari bila gari la kwenye picha.

Mteja wake mmoja akamwelekeza kwa fundi rangi wa zamani, mzee mwenye banda lake nje kidogo ya mji, upande wa Kwihara, kule liliko lile tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Akaenda alfajiri ili asionekane.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo imeliwa na jua." Mzee hata hakuwa amesimama. "Umenunua kwa nani?"

"Kwa dalali wa Dar. Nadhani ni Mzaramo."

Mzee akacheka mpaka akashika goti. "Basi huyo hakukuibia, mtani amekutania! Toka enzi babu zetu Wanyamwezi wanashusha mizigo pwani, Wazaramo wanatutania. Wewe wamekuuzia maji."

Halafu akaacha utani. Akafungua mlango wa dereva, akamwonyesha ukingo wa ndani, pale jua lisipofika. Palikuwa pekundu, penyewe hasa. "Hii ndiyo rangi iliyotoka nayo kiwandani. Ukitaka kujua gari limepauka kiasi gani, usiangalie boneti peke yake. Fungua mlango, linganisha."

Akamweleza taratibu, kama mwalimu. Magari mengi ya siku hizi yana praima chini, rangi katikati, na juu kabisa kliya, yaani utando usio na rangi unaoleta mng'ao na kuikinga rangi. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele. Ndani yake mna dawa ya kuzuia miale mikali ya jua, na dawa hiyo ina mwisho wake. Tabora iko jirani na ikweta, tena juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua linapiga kwelikweli. Boneti, paa na buti vinalala chali vikilitazama jua siku nzima, ndiyo maana vinakufa kwanza, na milango iliyosimama wima inabaki na nafuu. Nyekundu nayo ni miongoni mwa rangi zinazowahi kupauka.

"Mbona ikilowa inarudi?" jamaa akauliza.

"Hairudi. Juu pameparara, pamejaa vijishimo, mwanga ukigonga unatawanyika, unaona weupe. Maji yanajaza vile vijishimo, panakuwa laini kwa muda. Hata mafuta yanafanya hivyo hivyo. Wapo wanaolipaka gari mafuta ya taa na oili asubuhi, mnunuzi anakuja mchana. Ndiyo maana gari linakaguliwa kavu, jua la saa sita, na unaanza na paa."

Mzee akachukua kitambaa na polishi kidogo, akasugua sehemu ndogo ya mlango, kama kiganja. Baada ya dakika chache ukatoka wekundu ambao jamaa hakuwahi kuuona tangu gari lifike. Akasugua na paa vilevile. Paa halikubadilika. Badala yake ukingo wa baka ukazidi kubanduka.

"Umeona? Mlangoni kliya bado ipo, imechafuka tu kwa juu. Polishi inaondoa ule ufu, chini pana uhai. Na hiyo nayo si ya kurudiarudia, kila ukipolishi unapunguza utando. Kwenye paa na boneti kliya imeshakufa. Hapo hata uipake nta ya Tabora yote, kazi bure. Dawa ni kukwangua mpaka pagumu, praima, rangi, kliya mpya."

"Basi nipigie rangi boneti na paa."

"Nitapiga, hela nitakula. Lakini rangi mpya haitafanana na ubavu uliopauka, lazima niichanganye mpaka milangoni, la sivyo utaendesha kiraka. Na wewe unataka ndani ya wiki tatu, mvua hizi, vumbi hili, mimi sina chumba cha kukaushia. Kazi ya haraka, rangi itabanduka kabla mtoto wako wa kwanza hajatambaa." Akamtazama. "Posa unapeleka wewe au linapeleka gari?"

Jamaa akatoka pale na gari lililopolishiwa milango na ubavu kwa elfu themanini. Juu likabaki na mapunye yake.

Usiku akarekodi ujumbe wa sauti. Alirekodi mara saba, akafuta mara sita. Alimweleza mchumba wake kila kitu: picha, maji, gereji ya uongo, bosi wa uongo, msiba wa uongo. Akatuma na picha moja ya paa, kavu, saa sita mchana.

Jibu halikuja usiku ule. Lilikuja kesho yake jioni, limeandikwa.

"Nilijua siku ile ile uliyonitumia zile picha. Zote zina matone kwenye kioo na chini kuna dimbwi. Rangi hainiumi. Kinachoniuma ni kwamba mara mbili nimefungasha begi kuja kwako, mara mbili ukanizuia kwa uongo. Ikiwa boneti umenificha miezi mitano, siku ukiwa na deni utanificha miaka mingapi?"

Hapo jamaa alikaa kibandani mpaka wateja wakaanza kuuliza kama mtandao umekata. Hakuwa na la kujitetea. Akaandika: "Uliza chochote, nitakujibu sasa hivi." Akaulizwa maswali tisa. La nne lilihusu deni, na deni lilikuwepo, laki tatu za kikoba. Akalisema.

Wiki tatu zikaisha. Yeye, mjomba wake na mshenga wakapita Urambo, Kaliua, Uvinza, takriban kilomita 400 mpaka Ujiji, wakifuata upande ule ule waliokwenda wapagazi kwa miguu. Nyumba ya wakwe si mbali na kumbukumbu ya Livingstone, pale kwenye miembe miwili inayosemekana imetokana na ule mwembe ambao yeye na Stanley walikutania mwaka 1871. Watoto walikuwa wamepanga mstari. Walipoliona gari, mmoja akauliza kwa sauti, "Lile jekundu liko wapi?"

Mjomba mkubwa wa binti ni dereva mstaafu wa malori. Alilizunguka gari pole pole, mikono nyuma. Akafika kwenye boneti, akakwangua kliya kwa ukucha, kipande kikatoka kama karatasi.

"Hii imeungua."

"Imeungua mjomba. Nilinunua kwa picha. Milango nimeirudisha, juu kumeshindikana. Nitapiga rangi baada ya ndoa, hela ya sasa ni hii ya mahari."

"Unaegesha wapi?"

"Chini ya mwembe."

"Mwembe na jua, yote adui. Jenga kibanda cha mabati, hata miti minne tu. Kinyesi cha ndege usikiache kikauke, kiloweshe kwanza ndipo ukitoe. Na sabuni ya unga iachie nguo." Akageukia wazee wenzake waliokuwa barazani. "Gari lake limepauka, na mwenyewe ameshasema. Tuendelee na mengine."

Mahari haikupunguzwa hata shilingi, wadau, msije mkadhani.

Sasa hivi kule Tabora kibanda cha mabati kipo na gari linaoshwa kwa maji mengi kwanza ndipo kitambaa kiguse. Hela ya boneti na paa inawekwa kidogo kidogo kwenye akaunti ambayo wote wawili wanajua namba ya siri. Picha ya gari kwenye stetasi ya jamaa ni mpya. Imepigwa mchana kweupe, gari kavu, na kwenye ukingo wa boneti yupo binti ameegemea mabaka, anacheka.

Haya mdau, tuambie hapo chini: ungekuwa wewe na laki kumi na nane mkononi, ungeanza na rangi au ungeanza na posa?