Vitabu vya Ukoo Rungwe

Cheti cha kuzaliwa cha mzee aliyezaliwa Msasani, Tukuyu, wilayani Rungwe, katika miaka ya 1930 ni nadra kupatikana, kwa kuwa aghalabu hakikuandikwa. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya 1920 iliwalazimisha Wazungu na Waasia, Mwafrika hakulazimishwa. Serikali ilimjua Mnyakyusa, mwenyeji wa hapa, alipofikia umri wa kulipa kodi, na stakabadhi ya kodi haimtaji mama. Vijana wanaonuna ofisini wakiambiwa jalada la babu wa babu halipo wangepaswa kulijua hili kabla ya kupanga foleni.

Aliyeandika alikuwa mmisheni. Wamoravian walianzisha kituo cha Rungwe mwaka 1891, Waluteri wa Berlin wakafungua vyao jirani mwaka huohuo, na waliobatizwa wakaingizwa daftarini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani, Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakashika kazi kwa muda, kwa hiyo katika ukoo mmoja jina huweza kuonekana kwa tahajia tatu. Wilaya inayopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka haina huruma na karatasi. Kabati la parokia likifunguliwa hutoka harufu ya ukungu na mafuta ya taa. Kurasa zimeshikana, wino umekuwa rangi ya chai, na pembeni mchwa wamejisomea. Mtu aliyebatizwa akiwa mzima alikadiriwa umri: alizaliwa kabla ya Wajerumani, au alikuwa akichunga ndama mwaka wa mafua ya 1918. Taarifa za wamisheni Wamoravian zilipelekwa Herrnhut, Ujerumani, ambako makavazi ya kanisa lao yanazihifadhi hadi leo.

Ukoo usiobatizwa hutafutwa kwenye ng'ombe. Kesi za mahari katika mabaraza ya wenyeji zilitaja mume, baba wa binti, wajomba na ng'ombe waliokwisha kutolewa, na hapo ujamaa mzima hujitokeza. Baadaye yakaja makaburi ya saruji migombani, yenye majina na miaka. Mtafiti mwenye busara huanza hapo, na huomba ruhusa ya wenye nyumba kwanza.

Machifu waliosimamia mabaraza hayo waliondolewa 1963. Kwa upande wa vyeti, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ikaanzishwa 2006, na mwaka 2013 Mkoa wa Mbeya ukawa wa kwanza katika mpango wa kusajili watoto chini ya miaka mitano, vyeti vikitolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Ni jambo jema, ingawa cheti huishia kwa baba na mama; bibi na babu hawamo.

Wazee nao husajiliwa kwa kuchelewa, wakipeleka cheti cha ubatizo, cha shule au barua ya mtendaji. Fomu hudai siku na mwezi. Ndivyo mwaka uliokisiwa na mchungaji unavyopewa tarehe kamili na kugongwa muhuri, na mjukuu huinukuu bila shaka yoyote.