Michezo elfu kumi, na hakuna wa kucheza naye

LIKASI – Kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, komini ya Kikula, juu ya kabati kumelala kifaa cheusi chenye ukubwa wa kiberiti, kimezungushiwa waya wake. Boksi lake lipo bado, na juu yake imeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba ndani mna michezo 10,000. Kilinunuliwa dola 35. Leo hakuna anayekigusa, isipokuwa mtoto wa miaka mitatu, ambaye hutembea nyumbani na maneti moja sikioni akisema "alo, alo".

Fundi huyo si mtu wa kutupa pesa. Kifaa hicho alikinunua kwa sababu ya mtoto wa dada yake.

Dada huyo alifika Likasi mwezi wa tatu 2025 na watoto watatu. Walitoka Bukavu baada ya mji kuanguka mwezi wa pili, wakashuka mpaka Uvira, wakavuka ziwa Tanganyika kwa boti hadi Kalemie. Kutoka hapo walipanda magari ya mizigo mpaka Lubumbashi, kisha zile kilometa 120 za mwisho. Nyumba ya vyumba viwili ikawa na watu tisa. Familia nyingi za hapa mjini zinajua hesabu hiyo: unga ni uleule, sahani zimeongezeka.

Mtoto mkubwa ana miaka 14. Wiki za kwanza hakutoka uani. Gurudumu la lori likipasuka barabarani usiku, alikuwa anaingia chini ya kitanda, na asubuhi hakuna aliyemuuliza. Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo: kuwasimulia wadogo habari za PlayStation 2 iliyobaki kwao Bukavu. Kila siku ya posho watoto wa avenyu nzima walikuwa wanajaa sebuleni. Alikuwa anataja majina yao, mmoja mmoja, na nani alikuwa anachagua timu gani.

Mjomba wake alisikia hayo akiwa mlangoni. Wiki ileile akaenda katikati ya mji.

Dukani aliuliza bei ya PlayStation 2 iliyotumika. Ilizidi mara mbili ya pesa aliyokuwa nayo. Muuzaji akamshushia boksi jingine kutoka juu: kifaa kidogo, maneti mbili zisizo na waya, michezo 10,000. Hakihitaji diski wala intaneti. Unachomeka kwenye televisheni, unacheza. Fundi alipiga hesabu ya mtu anayeishi kwa umeme: kitu kinachotumia chaja ya simu hakiwezi kuwa mzigo. Tena kitakuwa cha kwao. Mtoto hatalipa kila mchezo kama kwenye zile nyumba za michezo za mtaani, na mama yake atamwona pale alipo.

Zile dola 35 zilikuwa za masomo, za muhula wa tatu. Shule ya msingi ya serikali hailipiwi tangu 2019, lakini huyu yuko sekondari, na sekondari inalipwa. Kulikuwa na mlango mkubwa wa chuma wa mteja mmoja uliobaki kupakwa rangi. Fundi alijiambia kwamba mlango huo utairudisha pesa kabla ya mwisho wa mwezi.

Jioni ya kwanza waligundua kwamba televisheni yao haina tundu la HDMI. Ni ile ya zamani, nene mgongoni, yenye matundu matatu: jekundu, jeupe na la manjano. Kifaa cha kuunganisha kilipatikana kesho yake kwa dola 8. Jioni ya pili waligundua kwamba maneti hazikuja na betri. Zinataka nne, zile nyembamba. Jioni ya tatu kila kitu kilikuwa tayari, na umeme ukakatika.

Mtu wa Likasi hashangai. Bwawa la Mwadingusha, juu ya mto Lufira, linatoa umeme tangu 1930, na viwanda vya Shituru vimeunguruma miaka mingi kwa nguvu za mito yetu. Lakini mitaani watu hungojea zamu yao.

Zamu ilifika saa nne ya usiku. Watu wote tisa waliamka. Walikaa chini mbele ya televisheni, na yule mtoto wa Bukavu akawasha. Mtu mdogo mwenye kofia alionekana akiruka juu ya matofali, wadogo wakapiga kelele. Hata bibi, ambaye hakuelewa kwa nini mtu huyo anaruka, alicheka kila alipoanguka shimoni. Walicheza mpaka saa saba. Usiku ule ulikuwa mzuri, na katika nyumba ile hakuna anayeukataa hata leo.

Taabu ilianza mchana. Mtoto alichukua daftari akaanza kuandika majina ya michezo, apate kujua ipi ni mizuri. Ni mtoto mvumilivu. Alipopita mia nne, majina yakaanza kurudi: mchezo uleule, namba nyingine, mchezo uleule, rangi ya nguo imebadilishwa. Mingine iliandikwa Kijapani au Kichina, na mhusika alikuwa akisimama mbele ya mlango akingoja jibu ambalo hakuna mtu Kikula angeweza kumpa. Alipofika mia sita na kitu akalifunga daftari.

Mpira ulikuwapo, lakini ni mpira wa miaka ya 1990. Cameroon ipo, Nigeria ipo, Zaire haipo. Wachezaji wote wana uso mmoja. Tena maneti ilikuwa inachelewa: unabonyeza, mchezaji anapiga teke wakati mpira umeshapita. Kwa mtu mzima ni kitu kidogo, lakini kwa mtoto aliyezoea kumshinda kila mtu ni kama kucheza na kiatu cha mtu mwingine.

Umeme ukikatika, ulichofikia kinapotea, unaanza upya. Na betri zilikuwa zinaisha kila baada ya siku nne au tano. Pakiti ilikuwa franka 2,000, pesa ambayo katika nyumba ya watu tisa ni mboga ya siku moja.

Wiki ya sita, televisheni ilionyesha mstari mmoja wa Kiingereza kwamba kadi haionekani. Basi.

Muuzaji alisema yeye aliuza kizima. Fundi akakipeleka kwa kijana anayetengeneza simu sokoni. Kijana alikifungua kwa ukucha, kwa sababu hakikuwa hata na skrubu. Ndani: kisahani kimoja cha kijani na kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu. Alieleza kwamba michezo yote inakaa kwenye kadi hiyo, na kadi ndiyo kitu cha bei ya chini kuliko vyote mle ndani. Kama yaliyomo yangenakiliwa kwenye kompyuta siku ya kwanza, angeweka kadi mpya na kazi ingeisha. Sasa anakili kutoka wapi? Vifaa vya namna hii vinafanana kwa sura tu, ndani kila mzigo unaofika una mambo yake. Akaligeuza boksi pande zote sita. Hakuna jina la kiwanda, hakuna anwani.

"Hii kintu haina baba," akasema, akamrudishia.

Lakini si kwamba kifaa chenye baba na mama hakifi. Marekani walikuwa na chao, kinaitwa Ouya. Mwezi wa saba 2012, kampuni ndogo iliyoongozwa na Julie Uhrman iliwaomba watu kwenye intaneti wachangie mashine ya michezo ya dola 99 tu, iliyo huru kutoka kwa makampuni makubwa. Kila kijana mwenye kipaji angeweza kuitengenezea mchezo, na kila mchezo ungeonjwa bure kabla ya kulipiwa. Iliomba dola 950,000. Watu zaidi ya 63,000 walichanga zaidi ya milioni 8 na nusu.

Mashine ilifika madukani tarehe 25 Juni 2013, wakati baadhi ya waliochanga walikuwa bado hawajatumiwa za kwao. Walioipata walianza kulalamika, na malalamiko yao mtu wa Kikula angeyatambua: maneti inachelewa, vitufe vinanasa, michezo waliyoitamani haipo. Wanunuzi walikuwa wachache, kwa hiyo watengenezaji wa michezo hawakuona faida. Michezo mizuri ikawa michache, na wanunuzi wakapungua zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya Razer ilinunua programu na wafanyakazi, mashine yenyewe ikaachwa. Tarehe 25 Juni 2019, miaka sita kamili tangu iingie madukani, huduma zake za intaneti zilizimwa. Michezo iliyohitaji kuuliza kule kama mtu amelipa haikufunguka tena, hata kwa aliyekuwa amelipa. Mashine ilikuwa mezani kwake na risiti mkononi, na bado hakuweza kucheza.

Sasa tazama PlayStation 2. Ilitoka mwaka 2000, ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na kiwanda kiliacha kuitengeneza 2013. Kwa umri ilipaswa kuwa imekufa. Lakini Likasi inacheza. Ikiharibika, kuna kijana avenyu ya pili anayejua kusafisha jicho lake linalosoma diski. Maneti ikikatika waya, kuna nyingine kwenye ndoo ya fundi. Mchezo ukikuchosha, jirani ana mwingine. Haikuokolewa na nguvu zake, maana ni dhaifu kuliko simu nyingi za leo. Imeokolewa na wingi wa watu wanaoijua.

Hapo ndipo bei ya dola 35 ilipodanganya. Ilikuwa bei ya kifaa peke yake. Fundi, mwenzako wa kubadilishana naye, mtu wa kukuonyesha jinsi ya kuvuka ule mlango wa Kijapani, hao hawakuwa ndani ya boksi.

Kijana wa sokoni ana ushauri wake kwa anayetaka kununua kitu cha namna hii, maana vinazidi kuletwa. Kwanza, angalia matundu ya televisheni yako kabla ya kutoka nyumbani. Pili, kiwashwe dukani mbele yako, na uijaribu maneti kwa mchezo wa haraka. Tatu, siku hiyohiyo peleka kadi ikanakiliwe. Nne, uliza mtaani nani anacho. Kama hakuna, jua kwamba utakuwa peke yako.

Nyumbani, kilichofungua macho ya wakubwa ni zile betri. Kabla kifaa hakijafa, mtoto alikuwa ameanza kubeba mizigo sokoni ili apate franka za pakiti. Siku moja aliwauliza wenzake wa sokoni njia ya kwenda kwenye mashimo, kwa sababu aliambiwa kule watoto wanaoosha mawe wanapata zaidi. Mama yake aliambiwa na muuza mihogo. Usiku huo alimketisha kaka yake nje, chini ya mwembe.

"Yaya," akamwambia, "sikulaumu. Ulitaka afurahi. Lakini ule mutoto haombi michezo elfu kumi. Anatafuta batu ba kucheza nabo."

Fundi hakujibu. Kesho yake, akitoka kazini, alipita kwenye nyumba ya michezo ya avenyu ya nyuma, ile ambayo alikuwa anaiogopa. Alikuta televisheni mbili, PlayStation 2 mbili zilizofungwa kwa gundi ya karatasi, na benchi ya chuma iliyovunjika mguu. Vijana kumi na wawili walikuwa wamesimama kwa sababu ya benchi hiyo. Alizungumza na mwenye nyumba. Wakakubaliana: yeye atachomelea benchi, na nyingine mbili mpya akiletewa vyuma, mtoto wake atacheza saa mbili kila siku ya posho, mchana, bila kulipa, na mwenye nyumba hatamruhusu kuzidisha wala kucheza kwa pesa.

Siku ya kwanza mtoto alishinda mechi saba mfululizo. Ya nane alishindwa na msichana wa miaka 12 ambaye hufika pale kumtafuta mdogo wake. Sasa wanamwita "Bukavu". Mwanzoni mama yake hakulipenda jina hilo. Kisha akasikia linavyoitwa kutoka barabarani, saa nane mchana, na watoto watatu wanaomngojea getini, akanyamaza.

Ule mlango mkubwa wa chuma ulilipwa nusu. Masomo ya muhula yamelipwa kwa mafungu, na zimebaki dola 10. Mkuu wa shule amekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi.