Nusu Milimita

Nilizaliwa Kibokoni, Mombasa, mtoto wa nne wa baharia aliyeacha bahari akawa bawabu wa ghala. Nikasoma chuoni, kisha skuli kwa kadiri ya uwezo wa mzee, na nilipotimiza miaka kumi na mitano nikapelekwa gereji moja ya Mwembe Tayari kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Ya utotoni yatosha. Mwaka 1988 nilivuka kwenda Jeddah kwa viza ya kazi, nikapokewa mtaa wa Petromin na fundi wa Kihadhrami aliyelelewa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu na ambaye sote, wadogo kwa wakubwa, tulimwita Ami. Kinachonishikisha kalamu leo ni habari mbili zilizonifikia katika juma moja: kwamba Ami amefariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kwamba Petromin na jirani yake Ghulail, zilizoanza kubomolewa mwaka 2021, hazina tena hata ukuta wa kumwonyesha mtu gereji yetu ilisimama wapi.

Ami alikuwa fundi wa viyoyozi vya magari, na katika nchi ambayo Agosti yake hugeuza usukani kuwa kaa la moto, fundi wa namna hiyo hakosi riziki. Kutoka kompresa ya kiyoyozi hadi supachaja ya Toyota, pampu ya kuisukumia injini hewa, hapakuwa mbali, kwa sababu Wajapani, tangu katikati ya miaka ya 1980, walifunga mbele ya supachaja zao klachi ya sumaku iliyo ndugu wa ile ya kiyoyozi: puli huzungushwa na mkanda wakati wote injini iwakapo, bali mhimili wa ndani hausogei mpaka umeme upite katika koili, sumaku ivute bamba, na bamba ling'ate puli. Umeme ukikatwa, bamba huachia, na injini hurejea hali yake ya asili, isiwe na mzigo wa bure mtu anapotembea taratibu Korniche na watoto wake.

Mashine hizo zilitujia zimefuatana na injini za magari yaliyokatwa nusu huko Japani, zikipitia Sharjah, aghalabu SC12 na SC14, na hesabu yake Ami alinifundisha kwa vikombe vya chai. Injini ya lita 2.4 huvuta lita 1.2 za hewa kwa kila mzunguko, maana kila silinda hunywa mara moja katika mizunguko miwili. SC14 husukuma kama lita 1.4 kwa kila mzunguko wake; zifunge zizunguke sawasawa, na ile ziada isiyo na pa kwenda ndiyo nguvu. Akisha kusema hayo huongeza, kwa sauti ya chini, kwamba ziada hiyo hiyo ndiyo joto, na joto ndilo litoboalo pistoni; ndiyo sababu Toyota wenyewe, walipoifungia supachaja injini ya 4A-GE, waliteremsha mgandamizo wake kutoka 9.4 hadi 8.0.

Ugomvi wetu ulizuka juu ya swichi. Mwaka 1996 alikuja kijana kutoka Riyadh, mtu wa kupanda na kushuka vilima vya mchanga, akitaka supachaja yenye swichi pembeni mwa redio, aiwashe na kuizima apendapo. Ami akakataa. "Mwanangu," akaniambia mteja alipotoka, "nguvu ya kuazima usimpe mtu mkononi, mpe mguuni." Akanikumbusha Wajerumani wa Daimler, ambao katika miaka ya 1920 waliunda magari ya Mercedes ambayo supachaja yake ilishika pale tu dereva alipokanyaga mafuta mpaka chini kabisa. Mguu huomba kwa haja, alisema, ilhali mkono hucheza. Nami, kwa kiburi cha mtu ambaye hajaharibu kitu cha thamani, nikamjibu kwamba dereva aliyelipa ana haki ya kuamrisha chake. Hayakupita majuma matatu nikahamia Riyadh, nikapata pa kufanyia kazi Sinaiya ya zamani, mtaa wa viwanda, na kazi yangu ya kwanza ikawa ile aliyoikataa Ami. Na katika mfuko wa ovaroli yangu, bila ya kukusudia wizi, nikawa nimeondoka na filageji yake, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi.

Filageji hiyo ndiyo niliyoipimia ile klachi. Baina ya bamba na puli sharti pawe na nafasi ya nusu milimita hivi, ipatikanayo kwa kuongeza au kupunguza washa nyembamba nyuma ya bamba, nayo hupimwa mahali patatu, kwa kuwa bamba likipinda kidogo hugusa upande mmoja na kupwaya upande wa pili. Niliipima alfajiri ya Januari, vidole vikiniuma kwa baridi ya Riyadh, ambayo asiyeijua huidhania hadithi. Mwezi wa Julai gari likarudi juu ya lori la kubebea magari, likitokea mchanga wa Thumama. Nilipofungua, uso wa bamba ulikuwa wa buluu na laini kama sahani ya kauri, na nafasi niliyoiacha nusu milimita ilikuwa imepita milimita moja. Kijana alikiri kwamba aliwasha swichi injini ikizunguka mara elfu tano kwa dakika, ili rafiki zake wasikie mlio.

Nikampigia Ami simu. Akasema kosa ni la swichi. Nikasema kosa ni la nafasi, kwani koili ikipata joto kutoka nyuzi 20 hadi 100, upinzani wa shaba huongezeka karibu theluthi, umeme hupungua, sumaku hulegea, na klachi iliyoshika vyema asubuhi ya baridi huteleza adhuhuri ya kiangazi. Tulilirudia neno hili kila Idi kwa zaidi ya miaka ishirini. Leo nakiri kwamba bamba lile liliuawa na yote mawili, swichi na nafasi, na magari yote niliyofunga baadaye niliyafunga hivi: mguu ndio uwashao, na pasi na mzunguko kuwa mdogo hauwashi, mkono nikauachia swichi ya kukataa tu.

Lakini katika jambo moja Ami alikosea, nami nalisema ingawa ni marehemu. Alishikilia kwamba supachaja iliyoachiwa haihitaji valvu ya kupitishia hewa pembeni, kwani pumzi ya injini yenyewe itaizungusha. Ni kweli itazunguka. Ila injini itavuta kama mtu anayepumua kwa mrija, na mlima wa Hada, mtu apandapo Taif, ulinithibitishia mara mbili, bila valvu na kwa valvu. Alijua. Hakupata kukubali.

Nanyi vijana mnaounganisha koili moja kwa moja kwenye betri, pasipo rilei wala fyuzi, kisha mkamlaumu Mjapani waya ukiungua: pimeni nafasi baridi, pimeni tena moto, na mteja asiyetaka kungoja mwacheni aende zake. Najua kazi yenyewe inakwisha; magari hutoka kiwandani na tabo zake na kompyuta zake, na mwaka 2023 Lucid walifungua kiwanda kaskazini ya Jeddah cha kuunganishia magari ya umeme, yasiyovuta hewa kabisa.

Ile filageji ninayo hapa Kibokoni, ndani ya kijaluba cha bati, vibamba vyake kamili, isipokuwa kimoja kilichopinda, ambacho nilikipinda mimi. Warithi wa Ami, popote walipohamia baada ya Petromin, wakisoma haya na wajue kuwa ni amana yao. Wamtume mtu, nitamkabidhi.