Gia, Mlima na Mteremko

Binti yangu ameolewa Nakuru, na gari analoendesha huko ni dogo, la gia za mkono. Mwezi uliopita alinipigia simu akauliza: "Baba, mbona gari hili Mombasa lilikuwa jepesi, na huku likipanda kuelekea Molo linachoka kama punda wa maji?"

Sababu ya kwanza ni hewa. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na njia ya Eldoret huzidi kupanda hadi Timboroa, karibu mita 2,700. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000.

Sababu ya pili ni gia, na hapa sisi watu wa pwani tuna mfano wetu. Mabaharia wanapopandisha foromali ya jahazi hupitisha kamba kwenye kapi. Kadiri kamba inavyopita kwenye kapi nyingi, ndivyo mzigo unavyokuwa mwepesi mkononi. Lakini utavuta kamba ndefu na foromali itapanda kidogo tu. Gia ya kwanza ni hivyo hivyo. Katika gari dogo, injini huzunguka takriban mara tatu na nusu ndipo mhimili utokao kwenye giaboksi uzunguke mara moja. Gia ya tano haihitaji hata mzunguko mmoja kamili: mwendo ni mwingi, ila nguvu ya kusukuma haifiki robo ya ile ya kwanza. Binti yangu alikuwa aking'ang'ania gia ya nne mlimani kwa kuogopa kelele za injini. Kelele hizo hazina ubaya mzunguko usipopita kiasi; kinachoiumiza injini ni kulemewa na gia kubwa hadi ikatetemeka.

Lakini kupanda kukinishughulisha kidogo, kushuka kunaninyima usingizi. Wajukuu wangu hupita Salgaa na Sachangwan. Hapo Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana wakafa watu 36, Allah awarehemu. Sisemi gia ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba mteremko ule unajulikana kwa madereva wa malori wanaoushuka kwa fri, eti kuokoa mafuta.

Hata hesabu yenyewe ni mbovu. Injini nyingi za siku hizi, gari likishuka ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, hukata mafuta zenyewe. Kwenye fri zinaendelea kuyanywa ili zisizimike. Tena katika gia ndogo magurudumu hulazimika kuizungusha injini mara nyingi, nayo hukataa, na ukaidi huo ndio unaolizuia gari. Ukitia fri, uzito wote huangukia breki. Breki hupata moto, na zikishapata moto hazishiki. Dua ya safari tunaisoma, na ngamia pia tuliamrishwa tumfunge.

Mama aliyeketi nyuma ya matatu na mtoto mapajani anaweza kuitambua fri kwa sikio: gari linazidi kasi huku injini imenyamaza. Hapo asione haya kusema, "Dereva, tia gia." Abiria wengine watamuunga mkono.