Cheni au shafti? Mjomba alinipeleka Suswa nikajionee

Mjomba wangu alipotimiza miaka 68, magoti yake yalianza kumwambia jambo ambalo mkewe alikuwa amelisema kwa miaka kumi: pikipiki sasa basi. Lakini hakuwa tayari kuiuza kwa mtu baki. Aliniita nyumbani kwake Kikuyu, akaifunua turubai na kunitajia bei. Ilikuwa bei ya kindugu mno hata nikashuku kuna jambo.

Kweli lilikuwepo. "Hii si kama hiyo yako," alisema akiinyooshea kidole Yamaha yangu iliyosimama langoni. "Hii haina cheni. Kabla hujanipa hata ndururu, twende Suswa na kurudi. Wewe utaendesha hii, mimi nitaendesha yako. Ukirudi bado unaitaka, tutazungumza."

Nyumbani nako kulikuwa na kesi yake. Mama watoto alikuwa na malalamiko mawili ya siku nyingi. La kwanza ni suruali. Hakuna sabuni ambayo haijashindwa na oili ya cheni, na kila aliponipeleka mtoto shuleni kwa pikipiki, soksi nyeupe zilirudi na alama nyeusi. Hilo lingetibiwa na pikipiki ya mjomba. La pili lilikuwa zito zaidi. "Nimesikia hizo zisizo na cheni zina wazimu kwenye kona," aliniambia. "Kama ni ya kuniachia watoto watatu, mwambie Mjomba aiache huko huko."

Jambo hilo la wazimu wa kona nilikuwa nimelisikia pia. Wapo wanaoapa kwamba pikipiki ya shafti haiendesheki kama ya cheni, na wapo wanaosema huo ni uvumi wa vijiweni. Msomaji ambaye hajawahi kuchungulia chini ya pikipiki ajue hivi: katika pikipiki nyingi tunazoziona barabarani, zikiwemo karibu boda boda zote, nguvu ya injini hupelekwa kwa gurudumu la nyuma na cheni, sawa na baiskeli. Katika chache hupelekwa na chuma cha kuzunguka kilichofichwa ndani ya bomba, kama propela ya lori. Mwishoni mwa chuma hicho kuna gia mbili zinazokutana kwa pembe, na hizo ndizo huzungusha gurudumu.

Si mtindo mpya. Wabelgiji wa kampuni ya FN walitumia shafti katika pikipiki yao ya silinda nne mwaka wa 1905, na mwaka wa 1923 BMW ya Ujerumani ikatoa R32, iliyobuniwa na Max Friz, ikiwa na silinda moja kulia na nyingine kushoto kama masikio. Ya mjomba ni mjukuu wa hiyo. Ni R80 G/S ya 1985, injini ya sisi 797. Yangu ni XT600 ya silinda moja, na cheni yake.

Tuliondoka Jumamosi moja ya Januari, jua likiwa limekausha kila kitu. Nilipoiwasha pale kwa mjomba na kuongeza mafuta kidogo nikiwa nimesimama, pikipiki nzima iliniegemea upande wa kulia kana kwamba kuna mtu ameisukuma. Nilishtuka. Mjomba alicheka ndani ya helmeti. "Hiyo si shafti," alisema. "Hiyo ni injini. Kile chuma cha ndani kimelala kuelekea mbele na nyuma, kwa hiyo kikizunguka kwa ghafla mwili wote unataka kuzunguka kinyume. Ukishaanza kwenda hutaihisi." Na kweli, kufika Zambezi nilikuwa nimesahau. Nadhani nusu ya uvumi wa vijiweni unatokana na hapo: watu huona pikipiki ikitikisika taa zikiwa nyekundu, wakaisingizia shafti.

Rironi tuliiacha barabara kuu, tukashika ile ya zamani inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Aliyepita hapo hahitaji kuelezwa, na asiyepita ajipangie safari Jumapili moja na watoto, kwa gari la mtu mwangalifu. Upande wa kushoto ardhi inaisha ghafla, na chini kabisa bonde linatandazwa hadi Mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776. Wauza ngozi za kondoo na kofia za manyoya wamejipanga ukingoni, na mahindi ya kuchoma hayakosekani. Barabara yenyewe ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano katika miaka ya 1940, na karibu na mwisho wa mteremko kuna kanisa lao dogo la mwaka wa 1942, dogo kiasi kwamba arusi ya kwetu ingelijaza kwa wapambe peke yao.

Kuteremka hakukunifundisha lolote kubwa. Nilikuwa nimefunga mafuta karibu njia yote, nyuma ya malori yaliyokuwa yakinuka breki, na pikipiki ilitulia. Ni kila mara nilipoongeza mafuta kuipita lori ndipo nilipohisi jambo geni: kiti kiliniinua. Si kwa sana, ila dhahiri, kama ng'ombe anayeamka kwa miguu ya nyuma. Nikifunga mafuta, kinanishusha. Huko Ujerumani pikipiki hizi zilibandikwa jina la utani la Gummikuh, yaani ng'ombe wa mpira, na sijaona jina lililofaa zaidi.

Mjomba alinieleza sababu tulipokuwa tukinywa chai Mai Mahiu, akitumia vijiko viwili na kifuniko cha birika. Gia ndogo iliyo mwisho wa shafti, inapolisukuma gurudumu, hujaribu kupanda juu ya gia kubwa. Nguvu hiyo huusukuma uma wa nyuma uelekee chini, na kwa kuwa gurudumu limekanyaga lami na haliwezi kushuka, ni mwili wa pikipiki unaopanda. Springi za nyuma nazo huwa ngumu kwa muda huo. Ukiacha mafuta, mambo yanageuka: nyuma inaketi. Cheni nayo ina mvuto wake juu ya uma, lakini mwendeshaji wa kawaida haihisi nyuma ikipanda na kushuka namna hiyo.

"Kwa hiyo ni hatari?" nilimuuliza.

"Utaniambia jioni," alijibu, akaagiza mandazi mengine.

Kutoka Mai Mahiu tulishika barabara ya Narok, kisha tukaiacha lami na kuingia njia ya kuelekea Mlima Suswa. Jamani, vumbi la Suswa! Ni jivu la volkeno lililosagika likawa laini kama unga wa ngano ya chapati. Linaingia kwenye soksi, kwenye meno, kwenye saa ya mkononi. Mahali pengine lilifika nusu ya gurudumu, na hapo ukubwa wa BMW ulinitia jasho. Kile chuma na gia zake zimening'inizwa kwenye gurudumu la nyuma, na uzito ulio kwenye gurudumu haubebwi na springi. Kila jiwe lililofichwa na vumbi lilinifikia mgongoni. Mbele yangu mjomba, na magoti yake, alikuwa akielea na Yamaha yangu kama kijana wa miaka 20. Sikufurahi.

Lakini vumbi lilikuwa na deni la kumdai yeye pia. Tulipofika juu, mahali ambapo unaliona shimo kubwa la mlima na ng'ombe wa Wamaasai wakilisha ndani yake, tulizima injini. Cheni ya Yamaha ilikuwa imegeuka rangi. Nilikuwa nimeitia oili ya kutosha asubuhi, nikijiona mwerevu, na oili ile ilikuwa imekusanya jivu la njia nzima na kuwa msasa. Mjomba aliishika katikati kwa vidole na kuipandisha na kuishusha. Ilikuwa imelegea kuliko tulivyoiacha Kikuyu. Ndiyo sababu, alisema, kila alipoacha mafuta na kuongeza tena, pikipiki ilikuwa ikimpiga kumbo: cheni iliyolegea hukaza kwa kishindo. Tulikaa nusu saa na spana, kitambaa na mswaki mkuukuu, tukiifuta na kuikaza. BMW ilisimama kando ikitutazama. Bomba lake lilikuwa limefunikwa na vumbi kwa nje tu.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipochacha. Mjomba alianza kuhesabu mbio za Paris–Dakar, mchanga wa Sahara mtupu: pikipiki aina ya hii yake ilishinda mwaka wa 1981 na 1983 ikiwa na Mfaransa Hubert Auriol, kisha Mbelgiji Gaston Rahier akashinda 1984 na 1985. Nilimkumbusha kwamba mbio mbili za kwanza, 1979 na 1980, zilichukuliwa na Cyril Neveu akiwa na Yamaha ya cheni, na kwamba BMW yenyewe iliporudi kushinda 1999 na 2000 ikiwa na Richard Sainct, pikipiki ile ilikuwa na cheni. Alinitazama kwa muda. "Hao wana fundi na gari la vipuri nyuma yao," alisema. "Wewe una mswaki."

Haki itendeke kwa cheni, hata hivyo. Ni nyepesi, ni rahisi, na inapoteza nguvu kidogo kuliko gia zile za pembe. Sproketi inaweza kubadilishwa kulingana na kazi: mwenye boda boda wa milimani anaweza kuweka ya nyuma yenye meno mengi zaidi, akapanda na mzigo wake. Cheni ikikatika Narok utaipata nyingine Narok. Gia ya shafti ikifa, unaanza kuandika barua. Ila tazama zile pikipiki za magurudumu matatu zinazobeba mizigo sokoni: nyingi zimetiwa shafti na difu kama gari, kwa maana hapo uzito si hoja na hakuna kulala kwenye kona.

Tulirudi alasiri. Nilikuwa nimeizoea BMW sasa, na kupanda ukingo wa bonde kulinipendeza kuliko kuteremka. Ukiwa unaongeza mafuta kwenye mlima, pikipiki husimama juu, imara, na kona huzimeza moja baada ya nyingine. Wakati wa kupanda, mwamba huwa upande wako wa kushoto na haukuruhusu kuona kilicho mbele ya kona. Niliingia kona moja ya kushoto nikiwa nimeilaza vizuri, mafuta yameongezwa, moyo mkunjufu. Nilipoifikia nusu nikaona matawi mabichi yametandazwa barabarani, na mbele ya matawi lori limeharibika, limechukua upande wetu wote.

Nilifanya kila ambacho mikono yangu imefanya kwa miaka kumi na mitano ya cheni. Nilifunga mafuta yote mara moja.

Nyuma iliketi. Pikipiki iliyokuwa imesimama juu ilishuka chini yangu katikati ya kona, chuma cha kukanyagia mguu kikakwaruza lami kwa mlio ambao bado nausikia, na badala ya kuendelea kukunja kushoto tukaanza kwenda mbele, kuelekea upande wa magari yanayoteremka. Siwezi kusema nilifikiri. Nilisikia tu sauti ya mjomba ya asubuhi, maneno aliyonitupia Kikuyu akifunga helmeti nami nikayapuuza: "Ukiwa kwenye kona, usiiachie. Mpunguzie kidogo kidogo, kama mtoto unayemshusha mgongoni." Nikarudisha mafuta kidogo. Nyuma ikainuka, chuma kikaacha kukwaruza, pikipiki ikakubali kukunja. Nililipita lori nikiwa upande usio wangu, na kwa rehema za Mungu upande ule haukuwa na gari.

Nilisimama kwenye wauza ngozi. Mjomba alifika nyuma yangu, akateremka, akainama kukitazama chuma kilichokwaruzwa. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba na yeye ana alama kama hiyo upande wa pili, ya mwaka wa 1991.

Ndipo akaniambia jambo ambalo angeweza kuniambia asubuhi. Mwaka wa 1987 BMW walileta mtindo waliouita Paralever: uma wa nyuma una viungo viwili na fimbo ya kuushikilia, kiasi kwamba ile nguvu ya gia inayotaka kupanda inaishia kwenye fremu badala ya kumwinua mwendeshaji. Aliye na BMW ya mtindo huo hatahisi niliyoyahisi, au atayahisi kidogo sana. Kwa hiyo wale wanaobishana vijiweni huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema juu ya pikipiki aliyoipanda. Hii ya 1985 ndiyo ile ya zamani. Inatofautiana na ya cheni, na tofauti yenyewe iko kwenye mkono wako wa kulia.

"Basi bado unaitaka?" aliuliza.

Nilimwomba siku mbili. Usiku ule nilimweleza mama watoto kila kitu, pamoja na lori, jambo ambalo si kila mume angelifanya. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nikirudi kwenye barabara ile ile, na pikipiki ile ile, mkono wangu utajua. Nilimwambia nitaizoesha kwanza kwenye barabara za Kikuyu, wiki nzima, bila mtu nyuma. Akataka iwe mwezi.

Mwezi ulipoisha nilimpelekea mjomba pesa zake. Nilipoingia nayo uani jioni ile, mama watoto alitoka na tochi, akainama kulichungulia gurudumu la nyuma kushoto, akazunguka kulia, akarudi kushoto.

"Baba watoto," alisema, "sasa hii inazungushwa na nini?"

Mtoto wetu mdogo alikuwa ameshapanda, na soksi zake nyeupe.