Malaba na Busia: Njia ya Kumwendea Nzi

Mpaka wetu na Uganda una milango miwili mikubwa, yote katika Kaunti ya Busia: Malaba kaskazini, na mji wa Busia wenyewe kusini. Kwa sisi watu wa pwani, Malaba si ugenini kabisa. Kontena lililoshushwa bandarini Mombasa hufika huko likiwa juu ya lori, baada ya mwendo wa takriban kilomita 900, likajiunga na msururu wa malori ambao jicho halioni mwisho wake. Madereva hupika chai kando ya magurudumu, na Kiswahili chao kimechanganyika na lafudhi za nchi nne.

Tulikuwa wanne: mama, mabinti wawili wanaosoma biolojia chuoni, na mjomba wao aliyetusindikiza kama mahramu. Tulikuwa tukivuka kwenda kwenye kongamano la wataalamu wanaochunguza ubongo wa nzi wa matunda, yule mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zilizoiva mno. Baadhi ya jamaa walituuliza kwa kicheko: nauli yote hiyo kwa ajili ya nzi?

Swali hilo lina jibu. Nzi huyu hukua kutoka yai hadi utu uzima kwa siku kumi hivi, na chakula chake ni unga, sukari na hamira. Hata maabara isiyo na fedha nyingi humudu kumfuga. Takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina zinazofanana nazo katika mwili wake. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa wataalamu watatu wa Marekani waliogundua, kwa kumchunguza yeye, jinsi saa ya mwili inavyofanya kazi. Mwaka 2024 ilichapishwa ramani kamili ya ubongo wa nzi jike: seli za neva zipatazo 139,000, na maungio yapatayo milioni 50. Haya yote yamo katika kichwa kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Tuliikumbuka Suratul Hajj, aya ya 73, inayotuhimiza kutafakari udhaifu wa viumbe mbele ya uumbaji wa nzi mmoja tu.

Uganda si ngeni kwa elimu hii. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010, kampasi ya Ishaka ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala imepokea mafunzo ya aina hiyo kwa vijana wa Afrika, yaliyoasisiwa na Lucia Prieto-Godino, Tom Baden na Sadiq Yusuf.

Lakini kilichotupeleka hasa ni kifafa. Katika ukoo wetu yuko mtoto aliyefichwa chumbani miaka mingi, akisomewa na kufukiziwa, bila kuonwa na daktari. Wako nzi ambao, kwa hitilafu ya jeni, hushikwa na degedege chupa yao ikitikiswa. Kwao wataalamu hujifunza jinsi umeme wa neva unavyopoteza mpango, na hujaribu dawa. Mabinti walipolisikia hilo, walinyamaza kwa muda mrefu.

Tulirudi kwa njia ya Busia. Tangu mwaka 2018 kituo cha huko ni cha pamoja: maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja tu. Ni mji huu uliotupa neno bodaboda, kwa wale waendesha baiskeli waliopakia watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukapita sokoni. Akina mama walikuwa wamepanga mananasi na ndizi, wakipunga kanga kuwafukuza nzi. Mmoja alituuliza tunacheka nini. Tukamweleza, naye akasema mwanawe pia huanguka.

Tulimwambia tunalowaambia ninyi, wasomaji wetu: kisomo na dua ni haki ya mgonjwa, na hospitali pia ni haki yake. Kifafa ni maradhi ya ubongo. Hakiambukizi, na wengi hutulia kwa dawa wakizinywa bila kukatiza. Tusimfiche mtoto. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awafungulie mabinti zetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.