Mzunguko wa Sekunde Hasi

Kijana anayeanza kazi ofisini kwetu leo akiambiwa apange mataa ya makutano, anafungua programu, anachora leni zake, na kabla hajaandika lolote anakuta kisanduku kimoja kimeshajazwa: 1,950. Hiyo ni idadi ya magari madogo ambayo leni moja ingeweza kuvusha kwa saa nzima kama taa ingebaki kijani bila kukatika. Wahandisi tunaiita mtiririko kamili, na hesabu zote zinazofuata zinaitegemea. Kijana anaipita, anaenda kisanduku cha pili. Mimi nilipoanza, hakukuwa na kisanduku. Namba ile uliifuata mwenyewe barabarani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kompyuta zilikuwepo, ila chache, na foleni ya kuzisubiri ilishinda ile tuliyotumwa kuipima. Kwa hiyo mwalimu alitushusha mjini wawili wawili, mmoja na stopwochi, mwenzake na karatasi iliyobanwa kwenye ubao. Taa ikiwaka kijani unayaacha magari machache ya mwanzo, maana dereva wa mbele huchelewa kukanyaga mafuta. Kisha unahesabu yanayovuka mstari mweupe hadi ile foleni iliyokuwa imesimama iishe. Unafanya hivyo tena na tena mpaka jua likuchome shingo. Jioni tunayageuza magari yote kuwa magari madogo kwa jedwali la Waingereza, Webster na Cobbe, la mwaka 1966: lori ni 1.75, basi 2.25, pikipiki 0.33, baiskeli 0.2.

Kipanya, ile Hiace ya daladala, hakikuwamo kwenye jedwali. Tulibishana sana. Kwa ukubwa, Hiace ni gari dogo lililonenepa kidogo. Kwa tabia, linasimama hatua chache baada ya mataa kwa sababu mama mmoja ameinua mkono, na leni nzima nyuma yake inasimama nalo. Mwalimu hakutupa jibu. Alitaka tukapime ni sekunde ngapi kipanya kimoja kinawapotezea walio nyuma yake, na tulivyopima, kilichokuwa kinasimama kilizidi basi kubwa kwa mbali. Tangu siku hiyo sijawahi kuliamini jedwali la nchi nyingine bila kusimama kwanza kando ya barabara.

Baada ya hapo ilikuja kanuni ya F. V. Webster, wa maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, aliyoichapisha mwaka 1958. Unachukua sekunde zote zinazopotea katika mzunguko mmoja wa taa, zile za kubadilisha rangi na za madereva kuanza kuondoka. Unazizidisha kwa moja na nusu, unaongeza tano. Jibu unaligawanya kwa moja kutoa Y, na Y ni mahitaji ya barabara zote zinazopokezana, kila moja ikipimwa dhidi ya uwezo wake. Zikipotea sekunde 16 na Y ikiwa 0.7, mzunguko unaofaa ni sekunde 97 hivi. Y ikipanda hadi 0.85, unapata 193. Ikifika 0.95, unapata 580, karibu dakika kumi. Ikivuka moja, tuseme 1.05, kanuni inakujibu bila haya: hasi 580.

Mwenzetu mmoja alifuta alama ya kutoa akakabidhi karatasi. Mwalimu alimpa nusu ya maksi, akasema nusu ile ni ya ujasiri. Kisha akatueleza kwamba jibu hasi si kosa la hesabu. Makutano yenyewe ndiyo yanakuambia hayana mzunguko wowote utakaoyatosha: watakaokuja ni wengi kuliko watakaovuka, hata ukipanga vipi. Karatasi ilikuwa na uzuri huo. Ikishindwa, ilishindwa waziwazi.

Nilikuja kujua baadaye kwamba hata kanuni ile tuliyoikokotoa kwa mkono ilikuwa na kompyuta nyuma yake. Webster alipotafuta wastani wa muda ambao gari linacheleweshwa, nadharia ilimfikisha sehemu tu. Akaiga kwa kompyuta magari yanayofika bila mpangilio kwenye taa, akalinganisha, akaongeza kipande cha mwisho cha kanuni ili hesabu ilingane na aliyoyaona. Sisi tulidhani tunafanya kazi ya kizamani, kumbe tulikuwa tunakokotoa masalia ya mashine ya miaka ya 1950.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikwenda kusoma na kufanya kazi kidogo Uingereza, na huko ndiko nilikokutana na programu zenyewe. Ilikuwepo TRANSYT ya Dennis Robertson, iliyotolewa mwaka 1969 kwa ajili ya kupanga mataa ya barabara nzima yaende pamoja. Ilikuwepo OSCADY, ya makutano yaliyo peke yake. Na ilikuwepo LINSIG, iliyoanzishwa miaka ya 1980 na Brian Simmonite katika ofisi za halmashauri ya Lincolnshire, na hii ndiyo niliyoipenda. Ilitengenezwa na mtu ambaye mwenyewe hupanga mataa, na unaliona hilo katika maswali inayouliza. Inataka kujua kwanza nani anagongana na nani: wanaokatiza moja kwa moja, wanaokata kulia, waenda kwa miguu. Kwa kila jozi inataka sekunde ngapi zipite kati ya mmoja kuzimiwa kijani na mwingine kuwashiwa. Ukishajaza jedwali hilo, haitakuruhusu uwashe kijani mbili za kuua watu. Kazi ile kwa mkono ilitugharimu jioni nzima, na usingizi ukija, kosa linakuja nao.

Programu zile hazikutoa jibu hasi. Watafiti walikuwa wameshalitatua tatizo la Y kuvuka moja, Kimber na Hollis wakiwa miongoni mwao mwaka 1979: badala ya kudhani hali haibadiliki, unaikata saa ya msongamano vipande vipande na kuangalia foleni ikikua kipande hadi kipande, kisha ikipungua. Skrini ikaniandikia asilimia 112 ya uwezo kwa rangi nyekundu, na pembeni yake urefu wa foleni. Nilifurahi kama mtu aliyeponywa. Ilinichukua muda kuona kwamba hesabu ile ina dhana ndani yake. Inaamini foleni ina mwisho. Msongamano uliokuwa ukiigizwa ni wa dakika 90 hivi, baada ya hapo watu wameshafika kazini na barabara imetulia. Kwa mji wa Uingereza hiyo ni kweli kabisa. Wenzangu pale hawakuwa wameona asubuhi inayounganika na mchana.

Pia wana desturi ya kutovuka sekunde 120 kwa mzunguko. Sababu yao ni nzuri: ukimsimamisha mwenda kwa miguu zaidi ya hapo, atavuka kwenye nyekundu. Programu nyingi unaziwekea kikomo hicho, na ukishakiweka, ile 580 ya Webster huioni tena kamwe.

Nilirudi nyumbani, nikaiona Ubungo.

Aliyepita Ubungo Mataa miaka ya 2000 hahitaji maelezo. Barabara ya Morogoro inaleta watu wa Kimara na Mbezi, Mandela inaleta makontena kutoka bandarini, Sam Nujoma inaleta Mwenge yote, na hapohapo pembeni kilikuwepo kituo cha mabasi ya mikoani. Taa zilikuwepo na zilifanya kazi. Katikati alisimama afande, na kila dereva aliangalia mkono wake. Alishika barabara moja dakika nane, dakika kumi, ndipo aigeukie nyingine. Magazeti yalilalamika, na sisi wahandisi tulilalamika kwa lugha ya kitaalamu zaidi: askari anaua mpango wa taa.

Nilisimama naye siku moja na karatasi zangu, nikamweleza sekunde 120. Alinisikiliza kwa adabu, filimbi mdomoni. Kisha akaitoa akasema, "Injinia, wewe unaangalia taa. Mimi naangalia Shekilango."

Alikuwa na hoja mbili, moja aliisema na nyingine hakuisema. Ambayo hakuisema ni ya Webster. Ukipoteza sekunde 16 katika mzunguko wa 120, umepoteza asilimia 13 ya siku yako. Ukizipoteza katika 580, hazifiki asilimia tatu. Makutano yakielemewa, kila badiliko la rangi ni hasara, na afande alikuwa amelijua hilo kwa miguu yake. Aliyoisema ni kubwa zaidi. Shekilango, makutano ya mbele kuelekea mjini, ikijaa, kuwapa kijani wa Morogoro kwenda mjini ni kuwaingiza katikati ya makutano wakafunge njia ya kila mtu. Programu yangu ya makutano ya peke yake haikujua kama Shekilango ipo. TRANSYT ilijua, lakini katika matoleo yake ya mwanzo foleni ilisimama wima: magari yalihesabiwa kama yamerundikana yote pale kwenye mstari, gari juu ya gari, bila kuchukua hata mita moja ya lami. Foleni ya namna hiyo haiwezi kurudi nyuma ikaziba makutano ya jirani. Ya Ubungo ilirudi.

Sitaki kumfanya afande kuwa mtakatifu. Kijani ya dakika kumi ina hasara zake. Leni fupi ya kukata kulia inaisha magari mapema, halafu kijani inaendelea kuilinda lami tupu. Na wale wa Sam Nujoma aliowasahau walikuwa wakijipanga kuelekea Mlimani City, ambako nao walikuwa wakiziba watu wasiokuwa na shida yoyote na Ubungo. Yeye aliona mita mia mbili kila upande. Zaidi ya hapo alitegemea redio.

Kilichobadilisha mambo ni programu za kuiga gari mojamoja. Tuliyoitumia zaidi ni VISSIM, ya kutoka Karlsruhe, iliyojengwa juu ya nadharia ya Rainer Wiedemann ya mwaka 1974 kuhusu dereva anavyomfuata mwenzake. Humo hakuna kabisa kisanduku cha mtiririko kamili. Unampa dereva tabia, anaacha nafasi kiasi gani, anashtuka haraka kiasi gani, kisha magari yanaenda yenyewe na mtiririko unazaliwa. Foleni inalala chini na kuchukua nafasi. Ikifika makutano ya nyuma, inayaziba. Mara ya kwanza nilipoiona Shekilango ikiifunga Ubungo kwenye skrini, nilimkumbuka yule mwenye filimbi.

Ila dereva anayekuja na programu ni Mjerumani. Anakaa katikati ya leni yake. Inabidi umfundishe bodaboda kupenya kati ya magari hadi mbele ya mstari, maana pikipiki kumi zikitangulia pale mbele, sekunde za kwanza za kijani ni zao peke yao, na ile 0.33 ya mwaka 1966 haiwajui. Programu inaruhusu, lakini kwa kubadilisha vitu vingi, na kila ulichobadilisha inabidi ukithibitishe kwa vipimo. Yaani umerudi barabarani na stopwochi, safari hii na kamera. Ofisi nyingi hazirudi. Mteja akishaona vigari vya rangi vinakimbia juu ya picha ya mtaa anaoujua, anasahau kuuliza chochote, na hilo linanitisha kuliko jibu hasi lilivyowahi kunitisha.

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, swali likageuka tena. Basi la mita 18 likisubiri nyuma ya nyekundu, programu inaliona kama chombo kimoja kilichochelewa. Wewe ndiye wa kuiambia kwamba ndani kuna watu zaidi ya mia, na mshauri asiyeiambia anapata mpango unaowapendelea wenye magari ya mtu mmoja, bila hata kukusudia. Mwaka 2018 magari ya Barabara ya Nyerere yakapita juu pale Tazara, kwenye daraja la Mfugale. Februari 2021 Ubungo nayo ikapandishwa ghorofa, ikapewa jina la Kijazi.

Mataa mengine yamebaki, na miongoni mwake yamo tuliyopewa kuyapanga miaka michache iliyopita. Binti mmoja wa ofisini, mhandisi mdogo, aliniuliza, "Mzee, kwa nini tusimwingize afande mwenyewe kwenye modeli?" VISSIM inakuruhusu kuandika amri zako za kuendesha taa, basi akaandika askari: usiwashe kijani kama barabara ya mbele imejaa, kama ina nafasi na foleni ipo, usiizime haraka. Askari huyo wa kwenye modeli aliishinda ratiba yetu ya sekunde 120. Tulipomwongezea sharti moja, kwamba asiisahau barabara yoyote kupita muda fulani, aliishinda kwa mbali.

Tuliweka sura nzima juu yake. Mteja akarudisha ripoti na kuomba sura hiyo iondolewe, kwa kuwa mradi wa kisasa hauwezi kupendekeza askari. Binti akaenda kwenye meza yake, akafuta neno askari kila lilipotokea, akaandika "mfumo unaosoma foleni ya mbele kwa vihisi". Amri zenyewe hakuzigusa. Ripoti ikapitishwa. Bajeti ya vihisi bado inasubiriwa, na kwa sasa kazi hiyo anaifanya afande.